Mpangaji wa Ghala la Katekista

Katekista wetu alizaliwa wapi na lini, mtamuuliza mwenyewe, ila mkae kitako kwanza, maana jibu lake linaanzia Mahenge kabla ya barabara na linapita kwenye kila mto. Mimi naanzia pale ninapomjua: mbele ya mlango wa ghala lake, hapa kijijini Michenga, jua ndiyo kwanza linapanda. Mwilini ana kanzu ya ibada, miguuni ana gambuti zenye tope la majaruba ya mpunga, usoni ana miwani ya fundi vyuma, ile mikubwa ya kioo cheupe inayoziba hadi pembeni. Mkononi ana mchi wa kutwangia. Anagonga ardhi nao, pu! pu!

"Hodi humu!"

Kimya.

"Hodi, mwenyewe!"

Anangoja kwa adabu, kama mtu aliyekwenda kuposa kwa watu wakubwa, ndipo anausukuma mlango polepole kwa ncha ya mchi.

Humo ndani hamkai mtu. Mna magunia ya mpunga, majembe, jeneza la kukodisha la jumuiya ambalo hakuna anayetaka kulizungumzia, na swila.

Kwa wale wa mjini wanaodhani nyoka wote ni kitu kimoja, swila ni fira mwenye tabia mbaya ya kutema. Ukimbana pembeni ananyanyuka, anatanua shingo, na kabla hujamaliza kusema "Yesu" sumu iko machoni mwako, ingawa ulidhani umesimama mbali. Akikosa nafasi ya kutema anauma, na huko kuuma sasa ni habari nyingine kabisa, nyama inaoza ukiiona. Huyu wa Katekista alikuja mwaka mto ulipopanda hadi barabarani. Mto ukipanda huku kwetu, kila mwenye uhai anakimbilia palipoinuka: panya, nyoka, na sisi. Maji yalipoteremka, sisi tulirudi makwetu. Swila aliangalia magunia, akaangalia panya wanaocheza juu ya magunia, akaona hakuna haja ya kurudi popote.

Katekista alimpokea. Ndiyo, nimeandika alimpokea. Alisema mpunga wake haujaguswa na panya tangu yule bwana ahamie, na akaanza kumwita "mpangaji". Mama Agripina, mke wake, hakumpokea. Na hapo ndipo vita ya nyumba ile ilipolala na kuamka miaka yote niliyowajua: mume anataka swila aishi, mke anataka swila afe.

Zamani ilikuwa vita ya kuchekesha. Jioni ungesikia, "Baba Agripina, ama niite vijana na mikuki yao ama nimwage mafuta ya taa leo hii," na yeye anajibu, "Mwaga, tutakula wali wa mafuta ya taa." Lakini Agripina, binti yao, alipopata kazi mbali na kumleta mwanawe alelewe na bibi, maneno yalipoa na kuwa mazito. Mtoto mwenyewe ana tumbo kubwa, anatembea kwa maringo na kuwapungia watu mkono, kwa hiyo mimi nilimpa cheo cha Askofu na kijiji kizima kikakubali bila kupiga kura. Siku Askofu alipoanza kutembea, Mama Agripina alitoa tangazo mbele ya mama yangu, nikisikia kwa masikio yangu:

"Mpunga wa mwaka huu ukifika kuingia ghalani, anatoka mmoja. Ama huyo mdudu wako, ama mimi na mjukuu wangu tunakwenda kijiji cha Mbingu kwa dada. Chagua."

Katekista aliangalia gambuti zake. Hakuchagua.

Alikuwa mtu wa kutochagua, nikimfikiria vizuri. Ana jiwe jeusi la nyoka, lile la kubandika palipoumwa, alilopewa na padri mmoja mzee aliyekwisha kufa. Ukimuuliza kama linavuta sumu, anasema halivuti hata vumbi. Ukimuuliza mbona halitupi, anasema, "Nimepewa na padri. Kulitupa dhambi, kuliamini hatari." Basi jiwe linazuia mlango wa chumbani usijifunge.

Nilifundishwa naye kipaimara, na naapa tulijifunza nyoka zaidi ya sakramenti. Tukifika bustani ya Edeni tulikuwa tunakaa humo wiki nzima. Siku moja nilinyoosha mkono, nikiwa na nia mbaya kabisa, nikauliza yule nyoka wa Hawa alikuwa wa aina gani.

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alifikiri, akakuna kidevu.

"Kifutu hakuwa," akasema. "Kifutu hana mazungumzo. Analala njiani kama kinyesi cha ng'ombe, ukimkanyaga ndipo mnafahamiana. Chatu naye mvivu, asingehangaika na tunda. Yule alikuwa na maneno mengi na hakujua kunyamaza." Akanitazama. "Wewe Kasuku, ndugu yako huyo."

Nikabaki na jina la Kasuku mpaka leo.

Baba Kulwa, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe na mkokoteni, ni mtu wa kanisani pia, tena msomaji. Aliwahi kumkabili Katekista baada ya ibada, Biblia mkononi, watu wamezunguka.

"Katekista, imeandikwa uzao wa mwanamke utamponda nyoka kichwa. Sasa wewe unamlaza ghalani, unampigia hodi. Imekaaje hii?"

"Kazi ya kuponda kichwa amekwisha pewa mwenyewe," akajibu Katekista. "Wewe umepewa magugu, na jaruba lako nimelipita jana."

Watu walilala chini kwa kicheko. Baba Kulwa mwenyewe alicheka, ila hakushindwa. "Kwetu," akasema, "nyoka anachezwa ngoma, watu wanatoa zawadi." Katekista akamwambia nyoka si ngoma na ngoma si nyoka, na mtu anayemchezea swila ana siku zake za kuhesabu. Maana jambo moja msije mkamkosea: hakuwa anawapenda nyoka. Watu walidhani anawapenda. Aliwaogopa, tena kwa mpangilio. Ile hodi ilikuwa ya woga. "Nyoka hana masikio kama yako," alituambia, "anasikia kwa tumbo. Gonga chini, mpe nafasi aondoke mbele yako. Anayeumwa ni yule aliyeingia bila kubisha."

Na aliwachukia watu wanaoogopa kulitaja jina. Mnajua desturi, giza likiingia nyoka haitwi nyoka, anaitwa kamba, ili asisikie akaja. Katekista alikuwa anapiga meza. "Mkimwita kamba, ipo siku mtoto atatumwa akalete kamba!" Kwake giza likiingia alikuwa anatamka "nyoka" kwa sauti ya kuhubiri, na sisi watoto tunainua miguu juu ya viti.

Sasa huyu huyu, mwamba wa maswila, anaogopa kinyonga. Sitanii. Kinyonga yule mdogo wa kijani, asiye na meno ya maana, anayetembea kama anakumbuka kitu alichosahau. Dominika moja kinyonga alikuwa anavuka njia ya kanisani, na mnajua kinyonga anavyovuka njia. Anatoa mguu, anaurudisha, anafikiria. Katekista alisimama na baiskeli yake akamngoja. Waumini wakamngoja Katekista. Kwaya iliimba nyimbo zote inazozijua ikaanza kurudia. Mwishowe Mama Agripina alikwenda, akakata kijiti, akambeba kinyonga, akamweka kichakani, akarudi zake. Katekista aliingia kanisani akahubiri juu ya ujasiri wa Danieli.

Lakini palipokuwa na hatari ya kweli hakuwa na mzaha, na mimi nimeona. Wakati wa kuvuna, kijana mmoja aliyekuja kibarua kutoka Idete alimkanyaga kifutu kwenye mpunga uliolala. Wenzake walikuwa wamekwisha toa wembe wa kuchanja na kitambaa cha kukaza mguu. Katekista alifika anahema, akamnyang'anya mtu wembe, akatupa kitambaa majini.

"Mnamkata nyama ili iweje? Laza mguu, usitembee, kijana. Pikipiki!"

Bibi mmoja akasema kwanza tusali. Katekista akamwambia, "Mama, sala ina mbio kuliko pikipiki. Itamkuta hospitali." Pikipiki ilipoondoka kwenda Ifakara, kijana katikati, mtu wa kumshika nyuma, ndipo Katekista alipopiga magoti kwenye tope akasali muda mrefu. Yule kijana yupo, anachechemea kidogo, na kila mavuno anamletea Katekista jogoo.

Miwani ile nayo ina asili yake. Kabla ya miwani, Katekista aliingia ghalani siku moja amesahau hodi kwa sababu alikuwa amenuna, amegombana na mwenyekiti wa kwaya. Tulisikia yowe. Alitoka anatambaa, mikono machoni, analia kwa Kipogoro, jambo ambalo halijawahi kutokea hadharani. Uwanja ulijaa waganga papo hapo. Mmoja anataka mkojo, mwingine anapiga kelele atafutwe mama anayenyonyesha aje akamue maziwa machoni. Nilitumwa nimtafute huyo mama, na nilikuwa nusu ya njia niliposikia Mama Agripina akifoka:

"Toeni ujinga wenu! Maji!"

Alimlaza mumewe chali kando ya kisima, akamfungua kope kwa vidole, akamwagia. Ndoo juu ya ndoo. Alimwagia mpaka bata wakaja kuoga pembeni. Kila akitaka kuinuka anakandamizwa kifuani: "Lala! Si ndiye mpangaji wako? Lala ulipie!" Kisha akampeleka hospitali mwenyewe, kamshika mkono kama bwana harusi. Macho yalikuwa mekundu siku kadhaa, yakapona. Mama Agripina akaenda mjini akarudi na ile miwani, akamtupia mapajani. Hakuita vijana wa mikuki. Mimi nilidhani ataita.

Basi nije kwenye likizo ya mwezi wa sita iliyopita, maana ndiyo mara ya mwisho nilipokaa naye siku nzima. Nasoma bweni Ifakara mjini, na nilipofika nyumbani mama alinituma kwa Katekista nikapeleke sufuria tuliloazima.

Nilikuta uwanja una watu. Mkokoteni wa Baba Kulwa umesheheni mpunga mpya, na vibarua wamekaa juu yake wamegoma kuingia ghalani. Mama Agripina amekaa kwenye kiti cha mlangoni, begi lake limefungwa, kanga ya safari mabegani. Alikuwa haoni haya. Siku ya kuchagua imefika.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Kasuku. Umenenepa. Mjini mnakula nini?"

"Maharage na maharage."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Akamgeukia mkewe. "Mama Agripina, nipe wiki."

"Nimekupa tangu mtoto aanze kutembea."

Wakati wanabishana, nilisikia pu, pu, pu. Kidogo kidogo, kama mtu anatwanga kitunguu saumu. Nikageuka. Askofu alikuwa mbele ya mlango wa ghala, matako wazi, mkononi mwiko wa ugali. Anagonga ardhi.

"Odi!" akasema. Akangoja kwa adabu, tumbo mbele. "Odi, enyewe!"

Mimi nilicheka. Wallahi nilicheka, na vibarua juu ya mkokoteni wakacheka, kwa kuwa mtoto alimwiga babu yake mpaka kule kuinamisha shingo. Kisha Askofu, ambaye hajapenda kungoja tangu azaliwe, alijijibu mwenyewe.

"Kaibu!"

Akausukuma mlango.

Katekista nilikuwa nimemjua kuwa mtu wa kutembea polepole. Siku ile aliruka begi, akaruka sufuria langu, akamnyakua mjukuu kwa mkono mmoja huku mlango ukiwa umefunguka upana wa kichwa cha mtoto. Ndani kulikuwa giza na hapakutoka kitu. Hakuna aliyemwona swila. Lakini Katekista alikaa chini palepale, Askofu kamkumbatia kifuani. Mtoto anampiga mwiko kichwani, anataka ashushwe akaendelee na ziara yake.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema Katekista. Hakuwa anasema na mtu.

Mama Agripina alikuja akamchukua mtoto.

Katekista akasimama, akajikung'uta. "Baba Kulwa, lile bomba la plastiki la kuvutia maji bado unalo?"

"Lipo. La nini?"

"Mpangaji anahama."

Vijana wawili walinyanyua mikuki yao kwa furaha. Akawaambia waiweke chini, aliyemleta ndani ni yeye na wa kumtoa ni yeye. Bomba lilikuwa refu kuliko mimi, jembamba kama bilauri. Alilitoboa tundu dogo kwa msumari wa moto ili lipitishe hewa, akaziba upande mmoja kwa matambara na kuyakaza kwa mpira wa baiskeli. Akavaa miwani na koti la mvua, na ghala likafungwa watoto wote wakiwa mbali. Mimi nilichungulia kupitia dirisha la wavu nikiwa nimeshika mfuniko wa sufuria usoni, kwa hiyo niliona vipande.

Alilaza bomba ubavuni mwa ukuta, mdomo ukitazama kwenye kona alikozoea kujificha swila. Kisha akaanza kuvuta magunia ya zamani kwa mwanzi mrefu, mojamoja, bila haraka. "Nyoka akibanwa anatafuta giza lenye ukuta pande zote," alikuwa anasema, sijui ananiambia mimi au anajiambia. Gunia la mwisho lilipovutwa, swila alisimama. Mweusi mgongoni, tumbo la rangi ya waridi lenye mistari, shingo imetanuka. Nilisikia fyuu! na kioo cha miwani kikatiririka.

"Marahaba," akasema Katekista, na hakusogea hata kidole.

Swila alitikisika huku na huku, akashuka, akafuata ukuta, akaliona giza la mdomo wa bomba. Alijaribu kichwa. Akafikiri. Kisha akaingia mwili mzima, mkia ukamalizikia kama tambi. Katekista alisukuma tambara kwa ncha ya mwanzi, akashindilia, akafunga. Alipotoka nje na kuoshwa miwani kwa ndoo nzima, Baba Kulwa ndiye aliyefunga bomba kwenye baiskeli.

"Nikusaidie kusukuma," nikasema.

"Wewe tembea mbele kabisa, ufanye kazi yako."

"Kazi gani?"

"Kelele."

Basi nikawa tarishi. Tulipita majarubani, mimi mbele, Katekista na baiskeli nyuma, tukielekea vichuguu vya ng'ambo ya mfereji ambako hakuna nyumba wala njia ya watu. Wanawake waliokuwa wanapepeta walimsalimu. "Katekista, bomba hilo la maji ya bustani?"

Yule mtu hasemi uongo, ndilo tatizo lake. "Hapana. Lina swila."

Wakacheka sana. "Katekista naye kwa utani!"

"Lina swila," akarudia vilevile, na uso ule wa mazishi. Nyungo ziliruka. Sijawahi kuona ukweli ukisafisha njia namna ile.

Vichuguuni alilaza bomba chini, akafunga kamba kwenye tambara, tukarudi nyuma mbali, akavuta. Hakikutoka kitu. Tulikaa. Nikamwuliza kama amekufa.

"Atatoka. Hata mimi kutoka Mahenge sikuondoka siku moja."

Alitoka kichwa kwanza, akaonja hewa kwa ulimi, akainuka kidogo kututazama. Nilikuwa na utani mzuri kabisa mdomoni, nikaumeza. Kisha akajilaza, akapita kwenye nyasi bila kuzitingisha, akaingia kwenye ufa wa kichuguu kikubwa. Katekista alivua miwani akafuta macho kwa kanzu.

"Jasho," akasema.

"Ndiyo, Katekista."

Tuliporudi magunia yalikuwa yanaingia ghalani, vibarua wanaimba, na Baba Kulwa anawaamuru kana kwamba ghala ni lake. Begi halikuwa mlangoni. Mama Agripina alikuwa jikoni na wali wa mpunga mpya, harufu yake imejaa uwanja mzima, na perege wa nazi kando. Askofu kalala kwenye mkeka, mwiko kifuani. Bibi yake alitupakulia bila kututazama usoni, kwanza mumewe, halafu mimi.

"Mmemwacha wapi?"

"Vichuguuni, ng'ambo ya mfereji," akasema Katekista.

"Kuna kivuli?"

Katekista aliacha kutafuna. "Kipo."

"Na panya?"

"Wapo, Mama Agripina."

"Haya," akasema, akimwongezea mchuzi. "Maana yule amezoea kula vizuri."